Moto wa Matanga Hauzimwi kwa Maji

Karwirwa alimwona shemeji yake akiinama penye mabaki ya ghala, akachokora kwa kijiti, akaokota kitu kidogo, akakigeuzageuza kiganjani, kisha akakitia mfukoni mwa koti. Kabla ya kuondoka alitazama nyuma kama mwizi wa kuku. Hakumwona Karwirwa, aliyekuwa amesimama kando ya jiko na karai la vyombo mikononi. Akapenya kwenye uwazi wa ua wa minyaa, akashika njia ya kwake.

"Umemwona?" mama yake aliuliza kutoka ndani ya jiko. Kumbe naye alikuwa anachungulia.

"Nimemwona."

"Ameokota nini?"

"Sikuona vizuri, mama."

"Mimi sihitaji kuona. Mtu akichoma ghala halafu akarudi kuchokora majivu, anatafuta kiberiti chake."

Karwirwa aliweka karai chini. Hakumkataza mama yake kusema hivyo, kwa sababu hata yeye alikuwa amewaza hivyo hivyo.

Ghala lile la fito na paa la nyasi lilikuwa limeteketea jana yake, mchana wa jua kali, pamoja na ndengu zote za msimu. Mumewe Munyi ndiye aliyezipanda, akiwa tayari anakohoa, akisimama kila baada ya mistari miwili kushika kifua. Hakuziona zikivunwa. Alilazwa hospitali kule Embu, akafia huko, wakamrudisha nyumbani, maeneo ya Kiritiri, wakamzika Ijumaa. Kwa watu wengine zile zilikuwa ndengu. Kwa Karwirwa ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe, na sasa ilikuwa lundo jeusi linalonuka.

Na ndengu zile zilitoka katika kipande cha shamba kilicho kando ya mto wa mchanga, kipande ambacho Munyi na mdogo wake Muchangi walikigombania mpaka wakanuniana msimu mzima. Kila mtu alilijua jambo hilo. Hata mbuzi wa Muchangi, mfanyabiashara wa mbuzi, walilijua, maana walikuwa wakikatiza pale kila jioni kama waliotumwa.

Lakini kilichomkaa Karwirwa rohoni zaidi ya shamba kilikuwa ule moto wa uani.

Siku habari ya kifo ilipofika, Muchangi mwenyewe aliburuta magogo makubwa ya mgunga akayawasha katikati ya boma. Moto ule ukawaka usiku na mchana. Watu wakauzunguka wakiimba, wakiomba, wakimsimulia Munyi. Walipotoka kumzika, mzee mmoja wa mbari alisimama akasema, "Moto wa matanga hauzimwi kwa maji. Unaachwa uchoke wenyewe." Karwirwa alizaliwa Kanyakine, kule juu milimani, katika nyumba ya Wamethodisti wasiopenda mambo ya mila, lakini neno hilo alilishika kwa mikono miwili. Aliona kwamba maadamu uzi wa moshi unapanda pale uani, Munyi hajamaliza kuondoka.

Jumatatu asubuhi, wageni wakiwa wametawanyika, alimkuta Muchangi amesimama juu ya lile lundo la majivu na mtungi wa plastiki uliojaa maji.

"Unataka kufanya nini?"

"Kumwagia maji, Mama Ann. Upepo umeanza, na paa la jiko ni nyasi."

"Wazee walisema nini?"

"Wazee walisema. Lakini wazee hawalali hapa."

"Hata wewe hulali hapa. Uache moto wa mume wangu."

Muchangi aliutua mtungi polepole. "Basi ufukieni kwa mchanga, angalau. Mgunga hauaminiki." Kisha akamwona Gatakaa, mama yake Karwirwa, akitoka nyumbani, akainamisha macho, akaacha njia, akapita pembeni kwenye miiba.

"Umeona?" Gatakaa alisema. "Hawezi kunitazama usoni. Na mtu mwenye haraka ya kuzima moto wa ndugu yake, ana haraka na shamba lake pia."

Kesho yake ghala likaungua.

Gatakaa alikuwa ameshuka kutoka Kanyakine kuja kuomboleza na binti yake, na hakuwa mtu wa kukaa bure. Kuomboleza kwake kulikuwa kufanya kazi. Alifagia boma mpaka likabaki udongo mtupu. Alifua mablanketi ya wageni, akashona begi la mjukuu wake Ann, aliyemwita cucu, yaani bibi. Alifungua magunia ya ndengu ghalani, akaona fukusi wawili wakitembea, akapiga kelele kama aliyeona nyoka. Dawa ya unga ya dukani hakuitaka, ilikuwa ya kuua watu, alisema. Akachanganya ndengu na majivu, kama wanawake wa kwao walivyofanya tangu zamani, akafunga magunia, akajisifu wakati wa chai. Siku iliyofuata alipoona yote yameteketea alilia kuliko hata siku ya mazishi.

Wakati wa moto Muchangi alikuwa wa kwanza kufika. Alipanda juu akararua nyasi za paa kwa mikono, mpaka mkono wake wa kulia ukababuka. Ndiyo maana ghala liliungua peke yake, na jiko na nyumba ya mabati vikabaki. Watu wengine walimsifu. Cicily, jirani wa upande wa pili wa minyaa, hakumsifu.

"Mimi sisemi ni yeye," alimwambia Karwirwa jioni ile, akiwa ameketi kigodani kama mtu aliyekuja kukaa. "Mimi nasema tu alifika kabla ya moshi."

"Kabla ya moshi vipi?"

"Nilikuwa naanika nguo. Nikamwona akija mbio. Nikajiuliza, huyu anakimbilia nini? Ndipo nikatazama, ndipo nikaona moshi. Sasa niambie, mtu hufikaje kabla ya moshi?"

"Labda aliuona kutoka kwake."

"Labda," Cicily alisema, kwa sauti inayosema kwamba hapana. "Ana macho mazuri basi. Mimi nilikuwa karibu zaidi, na sikuuona."

Kwa hiyo Jumatano, Muchangi alipookota kile kitu na kukificha, Karwirwa hakungoja zaidi. Alijifunga leso, akaenda mpaka Kiritiri kwa naibu wa chifu, akaeleza yote: shamba, mtungi wa maji, moshi, mfuko wa koti. Naibu alimsikiliza akikwaruza kidevu. Akasema atakuja kesho yake alasiri pamoja na mzee wa mbari, na Muchangi aitwe ajibu mbele ya watu.

"Akishindwa kujibu?" Karwirwa aliuliza.

"Tutamfungia mguu, asikanyage tena boma lako. Na nitaandikia polisi."

"Na mkikosa kumfungia, mimi namchukua mtoto wangu narudi kwetu. Siwezi kulala nikimlinda mtu wa nyumbani."

Njiani alijirudia maneno hayo. Kurudi kwao kulikuwa na maana ya kuliacha kaburi la Munyi peke yake, na shamba, na ile cherehani aliyomnunulia. Lakini mtu akishachoma ghala mchana, kitu gani kitamzuia kuchoma nyumba?

Alipofika alikuta mama yake amekwisha kulipatia swali hilo jibu. Gunia la kunde na lile la mbegu za ndengu, ambayo yalinusurika kwa sababu yalikuwa jikoni, Gatakaa alikuwa ameyahamishia nyumbani, katika chumba anacholala Ann.

"Kule jikoni anaweza kufika," alisema. "Hapa itabidi avunje mlango. Na nimeyatia majivu mapya, maana fukusi nao hawana huruma na mjane."

"Asante, mama."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Usilale usingizi wa watu wa Kanyakine. Huku si Kanyakine."

Alhamisi asubuhi Muchangi alionekana tena. Hakuingia bomani. Alizunguka nje ya ua polepole, mkono wake mbovu ukiwa umefungwa kitambaa, na kila baada ya hatua chache alisimama akainua pua, kama mbwa anayenusa mvua. Karwirwa alikuwa anakata sukuma wiki za wageni. Kisu kilisimama.

Muchangi alipofika upande wa choo akamkuta Ann akicheza na vifuniko vya chupa. Wakazungumza kwa maneno machache. Kisha akaenda zake haraka haraka.

"Ann! Njoo hapa!" Karwirwa aliita. "Baba mdogo amekuambia nini?"

"Ameniuliza ninalala wapi."

Karwirwa alimkamata mabega. "Nini tena?"

"Ameniuliza kama cucu ameweka magunia chumbani. Nikasema ndiyo. Akaniuliza yako karibu na kitanda ama karibu na dirisha."

"Ukasema?"

"Nikasema karibu na kitanda. Mama, kwa nini unanishika hivyo? Unaniumiza."

Karwirwa alimwachilia. Gatakaa, aliyesikia yote, alikuwa ameshika kifua. "Sasa unataka ushahidi gani mwingine?" alisema kwa sauti ya chini. "Anapima."

Karwirwa hakutaka ushahidi mwingine. Alimchukua Ann mpaka chumbani, akamlaza, akamwambia ni saa ya kupumzika mpaka wageni waje. Akavuta ubao wa dirisha, akapiga komeo. Akatoka, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani. Aliporudi jikoni moyo wake ulikuwa umetulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Hata Muchangi aje na kiberiti cha dunia nzima, mtoto alikuwa nyuma ya mlango wa mbao na kufuli.

Jua lilipokuwa limeanza kupinda, Cicily alifika kusaidia kupika chai, au alisema amekuja kusaidia. Alikuwa hajaonja hata sukari, Muchangi alipoingia kwa lango, wala si kwa uwazi wa minyaa, akatembea moja kwa moja hadi katikati ya boma. Gatakaa alisimama. Muchangi alipomwona alikata mwendo, akatazama vidole vya miguu yake.

"Umewahi," Karwirwa alimwambia. "Naibu bado."

"Sikumjia naibu, shemeji. Ann yuko wapi?"

"Haikuhusu."

"Yuko chumbani?"

"Nimesema haikuhusu! Unamtakia nini mtoto wangu? Ulimuuliza kitanda chake kiko wapi, nimekujibu mimi: kiko ndani ya kufuli."

Uso wa Muchangi ulibadilika. Karwirwa alikuwa ametarajia hasira, au ile aibu ya mtu aliyefumaniwa. Badala yake aliona hofu.

"Fungua huo mlango, Mama Ann."

"Sifungui."

"Fungua, tafadhali."

"Sema kwanza ulichokuja kufanya!" Gatakaa alifoka. "Sema mbele ya watu! Una mdomo, huna?"

Muchangi alifungua mdomo. Alimtazama Karwirwa, akatupia jicho upande wa Gatakaa, akaufunga tena. Cicily alijikohoza kwa maana. Ndipo Muchangi akatia mkono wake mzima mfukoni mwa koti, akatoa kile kitu alichokiokota ghalani, akakishindilia kiganjani mwa Karwirwa na kumfunga vidole juu yake.

Karwirwa alifungua mkono. Alikuwa amejiandaa kuona kiberiti. Kilikuwa kipande cha kaa, kizito, kigumu, cha mgunga, kikubwa kama yai la kuku. Na ubavuni mwake zilikuwa zimegandamana punje za ndengu zilizoungua, zimeshikana na kaa lile kama kunguni na chaga.

"Lilikuwa katikati ya gunia," Muchangi alisema kwa sauti ya chini sana. "Chini kabisa. Hakuna mtu aliyeliweka kutoka nje."

Karwirwa alitazama lile kaa. Ghalani hakukuwa na moto, hakujawahi kuwa na moto. Mgunga ulichomwa mahali pamoja tu katika boma lile. Aligeuka akatazama majivu ya matanga. Upande mmoja wa lundo ulikuwa umechotwa, na alama za karai zilikuwa bado zinaonekana, moja ya zamani na nyingine mpya. Akamwona mama yake Jumatatu ile, amebeba karai la majivu kichwani, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani.

*Nimeyatia majivu mapya.*

Hakukumbuka baadaye alivyofika mlangoni. Alikumbuka ufunguo ukikataa kutoka kifuani, ukinasa kwenye uzi wa sidiria, na ulipotoka Muchangi akamnyang'anya akafungua kufuli. Mlango ulipofunguka, moshi haukutoka kwa kishindo. Ulikuwa mwembamba, wa kijivu, umelala hewani kama ukungu wa asubuhi, na ulinuka gunia lililoungua. Ann alikuwa amelala kitandani kifudifudi. Karwirwa alimnyakua, akatoka naye akijigonga mlangoni. Nje mtoto alikohoa, akatapika kidogo, akaanza kulia kwa hasira. Kilio hicho kilikuwa kizuri kuliko nyimbo zote zilizoimbwa uani wiki ile.

Muchangi alitoka kinyumenyume akiburuta gunia la kunde kwa mkono mmoja. Katikati ya boma kitako cha gunia kiliachia, kunde zikamwagika, majivu yakapaa, na ndani yake, upepo ulipopita, kaa moja likafumbua jicho jekundu. Aliingia tena akatoa gunia la mbegu, kisha godoro. Ukingo wa godoro ulikuwa umegeuka kahawia, na katikati ya ule ukahawia kulikuwa na tundu dogo linalokula pole pole kuelekea mahali palipokuwa na mto.

Cicily alikuwa ameshika kijiko cha chai mkononi, amesahau cha kufanya nacho. Gatakaa alisimama akilitazama lile jicho jekundu katikati ya kunde.

"Lakini nilishika," alisema hatimaye, kama mtoto. "Nilishika kwa mkono. Yalikuwa vuguvugu tu. Majivu vuguvugu ndiyo yanayoua fukusi na mayai yake. Kwetu…"

Hakumaliza. Kwao walipika kwa matawi ya kahawa na magunzi ya mahindi, na majivu yake, ukimaliza kunywa chai, yalikuwa yamekwisha kufa. Huku mgunga hujifunika majivu yake wenyewe kama blanketi, ukalala na uhai ndani, hata siku kadhaa, ukingoja tu pumzi. Jambo hilo kila mtoto wa huku Mbeere alilijua. Karwirwa naye aliambiwa mwaka alioolewa, akalisikia kama mtu anavyosikia habari za hali ya hewa ya mji mwingine.

Na jambo jingine alikuwa ameambiwa mwaka ule ule. Huku, mama mkwe wa ndugu yako ni mkwe wako. Anaitwa muthoni. Humtaji jina, humwekei jicho, ukikutana naye njiani unampisha hata kama pembeni ni miiba, na humkosoi mbele za watu hata akikalia kofia yako. Muchangi alikuwa ameinamisha macho kila siku, nao wakaisoma heshima ile kama hatia. Alikuwa ameliokota lile kaa akalificha ili mtu mwingine asije akaliokota na kuuliza limetoka wapi. Na alikuwa akizunguka ua akinusa, kwa kuwa hakuweza kusema. Moshi wa Jumanne aliuona kabla ya Cicily kwa sababu tangu alipofukuzwa na mtungi wake wa maji hakuwa ameliondolea macho boma lile.

"Ungeniambia mimi," Karwirwa alimwambia. "Mimi si muthoni wako."

"Ningekuambia nini, shemeji? Kwamba mama yako amechoma ndengu za ndugu yangu? Wiki ya kumzika?" Alitazama mkono wake uliofungwa. "Nilifikiri yamekwisha. Nikasema ghala limekwenda, basi, aibu isiongezwe juu ya msiba. Leo nilipopita nikanusa gunia. Nikamuuliza mtoto. Nikaenda kumtafuta mama wa kanisa aje azungumze na mama mkwe, mwanamke kwa mwanamke. Sikumpata."

Naibu wa chifu na yule mzee wa mbari waliwakuta hivyo, kunde zimetapakaa uani, godoro limelowa maji, mtoto amefungwa leso mgongoni mwa mama yake ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Naibu aliangalia huku na huku akakosa mahali pa kuanzia.

"Tumeitwa kwa ajili ya mtu aliyechoma ghala," alisema. "Mtu huyo ni nani?"

Gatakaa alipiga hatua moja mbele. Muchangi aliharakisha kusema, "Mzee, mimi naona…"

"Si mtu," Karwirwa alisema. "Ni moto wa matanga. Tuliuacha hai, tukachota majivu yake tukayatia kwenye ndengu. Leo nusura uniulie mtoto."

"Nani aliyechota?"

"Sisi wenye boma."

Naibu alimtazama Muchangi, akamtazama Cicily, ambaye alikuwa anakikagua kijiko chake cha chai. "Na yule mtu aliyefika kabla ya moshi?"

"Ni yeye aliyemtoa mtoto," Karwirwa alisema. "Jana nilikuja kwako nikasema uongo bila kujua kwamba ni uongo. Shemeji, nisamehe. Nakuomba mbele ya hawa hawa."

Muchangi alitikisa kichwa tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Karwirwa akaenda pipani, akajaza mtungi, akaja nao hadi kwenye majivu ya uani. Mzee wa mbari alinyanyua fimbo. "Mama Ann, ngoja. Moto huo una mila yake. Unaachwa uchoke wenyewe."

"Umechoka, mzee," Karwirwa alisema. "Na mimi nimechoka."

Mzee alifikiri. Alitazama godoro. Kisha akaishusha fimbo, akavua kofia.

Maji ya kwanza yaliingia kwa mlio, mvuke ukapanda mweupe, na kwa muda mfupi ilikuwa kama moto umefufuka. Karwirwa alikuwa ameogopa kwamba angelia. Hakulia. Muchangi alimpa fimbo ndefu akamwonyesha: usimwage juu tu, pindua, tandaza mpaka chini, yale ya chini ndiyo yanayodanganya. Walipopindua gogo kubwa, ndani yake palikuwa pekundu kama papai. Mtungi ulipokwisha Karwirwa aligeuka kwenda kuujaza, akamkuta Gatakaa nyuma yake, mtungi wa pili kichwani, maji yanamtiririka usoni.

Gatakaa aliutua. Alimpa Muchangi ubavu, akatazama upande wa Cicily, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Cicily, mwambie huyo kijana mkono wake aupake asali. Asiuache uoze kwa sababu ya wanawake wapumbavu."

Muchangi naye alikuwa anaitazama ardhi. "Ann," alisema, "mwambie cucu nimesikia."

"Cucu, amesikia," Ann alisema kutoka mgongoni.

"Na mwambie kwamba majivu si mabaya. Yatandazwe chini, yamwagiwe maji, yaanikwe, yachekechwe. Kisha ndengu zitakaa hata miaka."

"Cucu, anasema…"

"Nimesikia," Gatakaa alisema. "Mwambie moto wa Kanyakine una adabu. Ukilala, umelala. Wa huku ni mnafiki."

Mzee wa mbari alicheka kwanza, bila kutaka, kisha naibu. Karwirwa aliendelea kupindua.

Watu walipokwisha kunywa chai na kuondoka, alirudi peke yake uani. Majivu yalikuwa yametandazwa mapana, meusi, yamelowa, hakuna uzi wa moshi. Alichuchumaa, akaweka nyuma ya mkono juu yake, jinsi unavyouweka kwenye paji la mtoto kutazama kama homa imeshuka. Akahamia mahali pengine, na pengine. Pote palikuwa baridi.

Hakuutoa mkono upesi.